Memphis Grizzlies: Miaka 16 ya Kusubiri Ushindi Mmoja

Ndugu viongozi wa vilabu, makocha, waamuzi, wachezaji na wapenzi wa kikapu mliofika hapa Upanga jioni hii: waliotutangulia shikamooni, na wengine habari za kazi. Wenzetu wa Mbagala na Gongo la Mboto bado wako kwenye foleni. Tutaanza, watatukuta njiani.

Ukimtajia mtu wa kikapu wa Dar es Salaam jina la Memphis Grizzlies, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni Hasheem Thabeet. Kijana wa mji huu, urefu mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, alichaguliwa namba 2 na klabu hiyo mwaka 2009. Kitu cha pili ni lawama. Vijiweni mjadala huishia palepale: walimchukua Thabeet, wakawaacha James Harden aliyekwenda namba 3 na Stephen Curry aliyekwenda namba 7. Ni kweli waliwaacha. Lakini habari ya klabu hii ni ndefu kuliko usiku ule mmoja, na makosa yake makubwa hayakufanyika uwanjani. Yalifanyika mezani, kwa kalamu, katika sentensi ndogondogo za mikataba ambazo siku ya kusaini hakuna aliyezisoma mara mbili. Kwa hiyo leo tutaifuata kalamu kuliko mpira.

Klabu ilizaliwa Vancouver, pwani ya magharibi ya Kanada, ikaanza kucheza msimu wa 1995–96 pamoja na Toronto Raptors. Ada ya kuingia NBA ilikuwa dola milioni 125 za Marekani. Mmiliki wa kwanza, Arthur Griffiths, alitaka timu iitwe Mounties, jina la wale polisi wa Kanada wa koti jekundu na kofia pana. Polisi wenyewe wakagoma. Ndipo likachukuliwa jina la grizzly, dubu mkubwa wa kahawia wa milima ya kule.

Sasa, timu mpya inapata wapi wachezaji? Klabu 27 zilizokuwepo ziliruhusiwa kuwafungia kabatini wachezaji 8 kila moja. Waliobaki wakawekwa sokoni, Toronto na Vancouver wakawa wanachukua kwa zamu, na klabu moja isipoteze zaidi ya mtu mmoja. Vancouver walitoka na watu 13, wa kwanza wao akiwa Greg Anthony, gadi, yaani mchezaji wa nje anayeendesha mpira, wa New York Knicks. Fikiria jambo hilo katika ligi yetu ya mkoa: Vijana, JKT, Pazi na Savio kila mmoja afungie wanane wake bora, halafu wewe uambiwe ujenge timu kwa mtu wa tisa wa kila benchi. Hata kocha awe bingwa wa namna gani, unga wake ni ule wa chini ya gunia.

Halafu kukawa na drafti. Hapa si ile drafti ya vifuniko vya soda chini ya mwembe. Ni utaratibu wa klabu za NBA kugawana vijana wapya kila Juni, timu dhaifu zikitangulia. Vancouver walikuwa wa 6 wakamchukua Bryant Reeves, senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya ringi, mwenye mwili mkubwa kutoka Oklahoma State. Toronto walifuata namba 7 wakamchukua gadi mfupi, Damon Stoudamire, ambaye ndiye aliyeibuka mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Wazo kwamba urefu haufundishiki, kwa hiyo uchukuliwe kwanza, limeikaa klabu hii tangu siku ya kwanza. Liwekeni akilini, litarudi.

Mwanzo ulidanganya. Tarehe 3 Novemba 1995 waliifunga Portland ugenini 92–80, mechi iliyofuata wakaifunga Minnesota nyumbani 100–98 katika muda wa nyongeza. Mechi mbili, ushindi mbili. Baada ya hapo wakapoteza 19 mfululizo, na baadaye katika msimu huohuo wakapoteza 23 mfululizo. Walimaliza na ushindi 15 katika michezo 82. Msimu uliofuata 14. Msimu wa 1998–99, uliofupishwa kuwa michezo 50 kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji, walishinda 8 tu.

Mtauliza: si walikuwa wanapata chaguo za juu kila mwaka? Walipata, ila kwa masharti. Makubaliano ya kuingia ligi yaliwazuia timu mpya kupata namba 1 katika drafti za mwanzo, hata wakiwa wa mwisho kabisa. Mwaka 1996 walikuwa namba 3, wakampata Shareef Abdur-Rahim, mfungaji wa kweli, pengine kitu bora walichowahi kuwa nacho Vancouver. Mwaka 1998 namba 2, Mike Bibby. Mwaka 1999 namba 2 tena, Steve Francis, naye akakataa waziwazi kuichezea. Wakalazimika kumpeleka Houston katika mabadilishano ya timu tatu yaliyohusisha wachezaji 11. Mkisikia kiongozi anasema "mchezaji hana sauti, mkataba ndio unaosema," mkumbusheni Francis. Mchezaji asiyetaka kuja hushusha bei yake mwenyewe mbele ya wanunuzi wote, na hasara ni ya klabu.

Lakini kilichoiua Vancouver hasa ni sarafu. Mishahara ya NBA hulipwa kwa dola za Marekani. Tiketi za Vancouver ziliuzwa kwa dola za Kanada. Wakati klabu inaanza, dola ya Kanada ilikuwa na thamani ya senti kama 73 za Marekani. Kuna wakati ikashuka chini ya 65. Piga hesabu kwa mchezaji mmoja wa dola milioni 10 za Marekani: kwa kiwango cha 73 unahitaji dola za Kanada milioni 13.7, kwa 65 unahitaji milioni 15.4. Milioni 1.7 imeongezeka, na hakuna kikapu hata kimoja kilichoongezeka. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipa pango la fremu kwa dola na kuuza vitenge kwa shilingi anaijua homa hii vizuri. Na mtu wa dola milioni 10 walikuwa naye: Reeves, aliyeongezewa mkataba wa miaka sita wa zaidi ya dola milioni 60. Baada ya kusaini uzito ulimzidi, mgongo ukaharibika, na fedha ikaendelea kutoka kila mwezi kama kawaida, kwa kuwa mkataba wa NBA ukishahakikishiwa haujali mgongo.

Watazamaji walioanza kwa wastani wa zaidi ya 17,000 kwa mechi wakashuka chini ya 14,000. Klabu ikauzwa, na mwaka 2000 ikaangukia kwa Michael Heisley, mfanyabiashara wa Chicago. Alisema anataka kuibakiza Vancouver. Mwaka mmoja baadaye akaihamisha. Hesabu ya misimu sita: ushindi 101, kupoteza 359. Hawakuwahi kushinda mechi zaidi ya 23 katika msimu mmoja.

Ikahamia Memphis, Tennessee, mji wa kando ya mto Mississippi, ambako kampuni ya FedEx ina makao yake makuu. FedEx ilitaka timu iitwe Memphis Express. NBA ikakataa jina linalonukia tangazo la kampuni, lakini haikukataa jina hilo kuwekwa kwenye jengo, na ukumbi mpya uliofunguliwa mwaka 2004 unaitwa FedExForum mpaka leo. Dubu akabaki kwenye jezi, ingawa Memphis hakuna dubu wa aina hiyo hata mmoja. Mambo ya kuhama na mizigo yote hayo.

Kiangazi hichohicho cha 2001 walifanya biashara yao ya kwanza ya maana. Walimpeleka Abdur-Rahim Atlanta, wakapata haki ya Mhispania aliyechaguliwa namba 3, Pau Gasol, na kwa chaguo lao la 6 wakamchukua Shane Battier. Gasol akawa chipukizi bora wa mwaka. Alihamia Memphis na familia yake, na mdogo wake wa miaka 16, Marc, mnene na mrefu, akaandikishwa sekondari palepale mjini. Huyo mdogo tutamkuta mbele.

Mwaka 2002 wakamleta Jerry West, aliyekuwa amejenga Lakers, kuongoza masuala ya ufundi. Timu ilipoanza msimu kwa kupoteza mechi 8 bila ushindi, alimwondoa kocha Sidney Lowe akamweka Hubie Brown, mzee wa miaka 69 aliyekuwa akitangaza mechi kwenye televisheni. Watu walicheka. Brown alifanya jambo moja ambalo makocha wetu mnaweza kulijaribu bila kutumia shilingi: alicheza na watu kumi. Kikosi cha pili kiliingia kama kikosi, si mtu mmoja mmoja wa kuziba pengo, na kila mchezaji alijua dakika zake kabla ya mechi. Mtu anayejua atacheza dakika tisa atakimbia kama mtu wa dakika tisa. Msimu wa 2003–04 walishinda 50, Brown akawa kocha bora wa mwaka, na klabu ikafika mtoano, hatua ya kuwania ubingwa, kwa mara ya kwanza. San Antonio Spurs wakawatoa kwa michezo 4–0.

Turudi nyuma kidogo, Mei 2003, kwa sababu hapa ndipo penye kidonda kikubwa kuliko cha Thabeet. Agosti 1997, Vancouver walimchukua kutoka Detroit mchezaji mkongwe, Otis Thorpe, aliyekuwa ametimiza miaka 35. Malipo yalikuwa chaguo la raundi ya kwanza la miaka ya mbele. Thorpe hakumaliza hata msimu mmoja. Februari 1998 alishapelekwa Sacramento. Deni likabaki. Deni la namna hii huandikiwa kinga, yaani sharti kwamba chaguo likiangukia namba fulani mwaka huo, halihami, linasubiri mwaka unaofuata. Kufikia 2003 kinga iliyobaki ilikuwa ya namba 1 peke yake.

Na namba 1 ya 2003 ilikuwa LeBron James.

Tueleze bahati nasibu yenyewe, maana wengi huiona kwenye televisheni wakidhani ni bahasha tu. Bahasha ni maigizo ya baadaye. Kazi hufanyika katika chumba kilichofungwa: mashine yenye mipira midogo 14 iliyoandikwa namba 1 hadi 14. Mipira huchanganywa sekunde 20, unatoka wa kwanza. Kila baada ya sekunde 10 unatoka mwingine, mpaka minne. Mpangilio hauhesabiwi, kwa hiyo makundi ya namba nne yanayowezekana ni 1,001. Kundi moja linatupwa, 1,000 yanagawiwa timu ambazo hazikufika mtoano. Enzi hizo timu mbovu kuliko zote ilipewa makundi 250, yaani robo ya nafasi. Kwa mipira hiyo walipatikana washindi watatu tu. Kuanzia namba 4 mtu anapangwa kwa rekodi yake. Maana yake aliye wa mwisho kabisa aliweza kuporomoka hadi namba 4, lakini si chini ya hapo.

Usiku ule bahasha zilifunguliwa kutoka mwisho kuja mwanzo, na zilipobaki mbili zilikuwa za Cleveland na Memphis. West alikuwa ameketi pale akijua kwamba kwake hakuna nafasi ya pili. Ikitoka namba 1, anampata LeBron. Ikitoka namba 2, hapati kitu. Ikatoka namba 2. Chaguo likaenda Detroit, wao wakamchukua Darko Miličić, na waliofuata walikuwa Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Hayo yote kwa nusu msimu ya Otis Thorpe. Laiti kinga ingeandikwa "namba 1 hadi 3", mjadala wa Thabeet usingekuwepo, kwa kuwa klabu yenyewe ingekuwa klabu nyingine.

Miaka iliyofuata ni mifupi kusimulia. Mtoano 2005, Phoenix wakawatoa 4–0. Mtoano 2006, Dallas 4–0. Jumla michezo 12 ya mtoano, ushindi sifuri. Kiangazi cha 2006 Pau Gasol alivunjika mguu akiichezea Hispania kwenye ubingwa wa dunia; msimu uliofuata Memphis walishinda 22 wakawa wa mwisho wa ligi nzima. Wakaingia bahati nasibu na makundi 250, wakaporomoka hadi namba 4. Greg Oden na Kevin Durant wakaenda kwingine. Wao wakamchukua gadi mpole, Mike Conley, na kwa mara moja kuporomoka kukawa na neema, kwani Conley alikaa miaka 12.

Februari 2008 walimpeleka Pau Gasol Los Angeles Lakers. Marekani nzima ilicheka tena. Gregg Popovich, kocha wa Spurs, alilalamika hadharani. Hapa lazima tueleze tofauti na soka letu. Yanga wakimtaka mchezaji wa Azam, wanaweka fedha mezani. NBA hakuna ada ya uhamisho ya namna hiyo: mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji au kwa chaguo, na klabu iliyovuka kikomo cha mishahara hairuhusiwi kupokea mishahara inayozidi sana ile inayotoa. Kwa kanuni ya wakati ule, kiwango kilikuwa asilimia 125 ya ulichotoa, ukiongeza dola 100,000. Gasol alikuwa analipwa zaidi ya milioni 13. Lakers walimtoa Kwame Brown wa karibu milioni 9 na kijana Javaris Crittenton; hesabu haikufika. Wakamsainisha Aaron McKie, aliyekuwa ameshaacha kucheza na anasaidia kufundisha Philadelphia, kwa lengo moja tu la kujaza kibaba. Kwa Memphis faida ya Kwame Brown ilikuwa kwamba mkataba wake unaisha kiangazi hichohicho, fedha inafunguka.

Mwishoni mwa orodha ile kulikuwa na chaguo mbili za raundi ya kwanza na haki ya kijana aliyechaguliwa namba 48 mwaka 2007, bado anacheza Hispania. Marc Gasol. Yule mdogo wa sekondari ya Memphis. Lakers walipata mataji mawili, 2009 na 2010, na Pau alistahili kila sifa. Memphis walipata senta wa miaka kumi na moja. Sisi tunaona pande zote mbili zilifanya biashara nzuri, jambo ambalo ni nadra, na vicheko vya 2008 vilikuwa vya watu waliosoma orodha hadi mstari wa tatu.

Sasa 2009. Kabla ya kumhukumu Thabeet, tazameni alifika katika chumba gani. Marc Gasol alikuwa ameshashika nafasi ya senta. Julai ile klabu ikamleta Zach Randolph kutoka Clippers kwa Quentin Richardson. Wakubwa wawili wa chini ya ringi, wote wa kuanza, wote wanataka dakika 35. Mchezaji wa namba 2 alikuwa benchi kabla hajafungua begi.

Na tatizo la pili ni la kiufundi, nalo linatuhusu sana sisi tunaofundisha warefu. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wake wa mwisho, alizuia mitupo 4.2 kwa mechi na kuokota ribaundi, ile mipira iliyokosa kikapu, 10.8. Namba hizo hazikuwa za uongo. Lakini tazameni sakafu aliyozipatia. Upana wa lile eneo lililopakwa rangi chini ya ringi, kwenye vyuo vya Marekani ni mita 3.66. NBA ni mita 4.88. Kisha vyuoni mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote, kama nguzo ya umeme, akisubiri wanaokuja. NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa umbali wa mkono haruhusiwi kukaa humo zaidi ya sekunde tatu. Akikaa, wapinzani wanapewa mtupo huru mmoja na mpira unabaki wao. Kwa hiyo mlinzi mrefu analazimika kutoka, kurudi, kutoka, kurudi, katika eneo pana zaidi ya mita moja kuliko alilozoea. Hiyo ni kazi ya miguu, si ya mikono. Aliyeanza akiwa na miaka 15 mikono inawahi, miguu inachelewa, na mguu uliochelewa huzaa faulo. Faulo mbili za mapema, benchi. Benchi, hakuna mazoezi ya mechi. Mwaka wa kwanza alipata wastani wa dakika 13, pointi 3.1, ribaundi 3.6. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, na wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa.

Sisi tunacheza kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Eneo letu ni mita 4.9, lakini sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi hatuna. Kocha wa hapa mwenye kijana wa mita 2.08 atashinda ligi ya mkoa kwa kumsimamisha chini ya ringi, na atakuwa amemfungia mlango wa NBA kwa mkono wake. Dawa ni ya bei ndogo: chora mstari kwa chaki, mpe kijana dakika 15 za mazoezi ya kugusa mstari mmoja na mwingine kwa hatua za pembeni bila kuvusha miguu, nyonga chini, na filimbi kila sekunde mbili na nusu. Bora achoke akiwa na miaka 16 kuliko akiwa na miaka 22 mbele ya watu 18,000.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Thabeet Houston, pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza. Walichopata hasa ni mtu waliyekuwa wamemtoa wenyewe miaka mitano nyuma: Shane Battier, ambaye mwaka 2006 alikwenda Houston ili Memphis impate Rudy Gay. Alikuwa na miaka 32 na hakuwa mfungaji. Gay mwenyewe alikuwa ameumia bega na msimu wake umekwisha.

Tarehe 17 Aprili 2011, San Antonio, mchezo wa kwanza wa mtoano. Spurs namba 1 katika kanda ya Magharibi ya ligi, ushindi 61. Memphis namba 8. Haki isemwe: Manu Ginóbili hakucheza siku hiyo. Zikiwa zimebaki sekunde 23.9, Memphis wako nyuma kwa pointi mbili, Battier alirusha wa pointi tatu, ukaingia. Ikaisha 101–98. Baada ya misimu 16 na michezo 12 ya mtoano iliyopotea yote, huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu, na uliletwa na mtu aliyepatikana kwa kumtoa Thabeet. Vijiwe vyetu havisemi hilo. Walimaliza kazi 4–2; katika mchezo wa sita Randolph alifunga 31, kati ya hizo 17 katika robo ya nne. Timu ya namba 8 kumtoa namba 1 ilikuwa imetokea mara tatu tu kabla ya hapo.

Kuanzia hapo walifika mtoano miaka saba mfululizo, 2011 hadi 2017, wakicheza kikapu cha kusaga. Tukieleze kwa karibu. Marc Gasol anasimama kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, mpira juu ya kichwa. Randolph, mshoto, anamkalia mlinzi kiunoni upande wa kushoto wa ringi. Haruki hata unene wa gazeti; anatumia makalio na mabega. Mlinzi akimtangulia mbele, Gasol anaidondosha pasi nyuma yake. Mlinzi akikaa nyuma, Randolph anapokea na kugeuka. Mlinzi wa Gasol akirudi kusaidia, Gasol anarusha mwenyewe. Ulinzi ukiongozwa na Tony Allen, na Conley akishika usukani, mwaka 2013 walishinda 56, Gasol akawa mlinzi bora wa ligi, wakafika fainali ya Magharibi.

Mfumo huo una tundu moja, nalo ni Allen. Hakuwa na mtupo wa mbali. Spurs mwaka 2013 waliwaacha warushaji dhaifu, wakajaza watu mbele ya Randolph. Mchezo wa kwanza alipata pointi 2 tu, na Memphis wakatolewa 4–0. Mwaka 2015 Memphis wakiongoza Golden State 2–1, kocha Steve Kerr alimpa senta wake Andrew Bogut jukumu la "kumkaba" Allen, yaani kumwacha peke yake nje na kusimama chini ya ringi. Bogut anaruhusiwa, kwa sababu anaingia na kutoka ndani ya zile sekunde tatu. Memphis hawakushinda tena katika mfululizo ule. Mchezaji mmoja asiyerusha anatosha kuwarudishia wapinzani nguzo ya umeme.

Februari 2019 Marc Gasol alikwenda Toronto na Juni akawa bingwa, akiwa na klabu iliyozaliwa siku moja na yake. Conley akaenda Utah kiangazi hicho. Na hapo ndipo kalamu ilipoonyesha imejifunza. Memphis walikuwa tena na deni la chaguo, safari hii kwa Boston, lililotokana na kumchukua Jeff Green mwaka 2015. Lakini kinga ya 2019 ilikuwa namba 1 hadi 8. Bahati nasibu ikawarusha hadi namba 2 ingawa hawakuwa hata miongoni mwa timu tano za mwisho. Namba ileile ya 2003. Safari hii ikabaki nyumbani, wakamchukua Ja Morant, chipukizi bora wa 2020. Boston walilipwa mwaka uliofuata, na chaguo likawaangukia namba 14.

Morant aliwapa ushindi 56 msimu wa 2021–22, kisha akawapa maumivu ya kichwa: msimu wa 2023–24 alianza na adhabu ya michezo 25 kwa kuonyesha bastola mtandaoni. Machi 2025 kocha Taylor Jenkins aliondolewa, akaingia Tuomas Iisalo wa Finland. Juni 2025 wakampeleka mrushaji wao bora, Desmond Bane, Orlando. Mkisoma biashara hiyo, someni hadi mstari wa mwisho: Kentavious Caldwell-Pope, Cole Anthony, chaguo nne za raundi ya kwanza, na haki ya kubadilishana chaguo mwaka 2029. Hiyo ya 2029 Orlando wameiwekea kinga. Ikiangukia namba 1 haihami. Wala ikiangukia namba 2.